I-20 si viza

Agosti inapokaribia na vyuo vya Marekani viko karibu kufunguliwa, makundi ya WhatsApp hapa Kenya hujaa mabango ya harambee: "Mtoto wetu amepata viza, tumchangie nauli." Ukiomba kuiona hiyo viza, unaonyeshwa karatasi iliyotoka chuoni. Hiyo ni I-20.

Viza ya mwanafunzi, F-1, ni kibandiko ambacho ubalozi huweka kwenye pasipoti ili mwenyewe asafiri hadi Marekani na kuomba kuingia. Herufi F imetokana na aya inayowahusu wanafunzi katika sheria ya uhamiaji ya 1952.

I-20 hutolewa na chuo. Ofisa wa wanafunzi wa kigeni huingiza habari zako kwenye SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi hao, nawe unapewa namba inayoanza na N. Karatasi inataja kozi, tarehe ya kuanza, gharama, na pesa zitatoka wapi. Kwa kuwa ni fomu ya serikali yenye saini, watu huichukua kuwa ruhusa. Lakini chuo hakina mamlaka ya kumpa mtu viza, hata kiwe Harvard. I-20 hukufungulia njia ya kuomba tu: unalipa dola 350 za SEVIS, unajaza fomu DS-160 ya maombi ya viza, unalipia viza yenyewe, kisha unakwenda ubalozi wa Marekani, Gigiri jijini Nairobi, kuhojiwa.

Huko Gigiri ndiko kwenye kazi. Kifungu cha 214(b) cha sheria hiyohiyo ya 1952 kinamtaka ofisa wa ubalozi akuhesabu kuwa mtu anayekusudia kuhamia, mpaka umridhishe kwamba sivyo. I-20 peke yake haimridhishi. Kijana mwenye alama ya A na karatasi zisizo na kasoro anaweza kunyimwa kwa mazungumzo ya dakika chache. Kufikia hapo harambee imeshafanyika, tiketi imeshakatwa, na wazazi wanabaki kuwaeleza waliochanga, huku wengine wakinong'ona kwamba pesa zililiwa. Familia isiyomdhulumu mtu inaaibishwa na bango lililoandikwa vibaya, na hilo linaniuma.

Basi bango liseme: "Amepata nafasi chuoni, sasa anaomba viza." Watu watachanga vilevile, kwa ajili ya SEVIS na ada ya viza. Mchango wa nauli uitishwe pasipoti ikisharudi na kibandiko ndani.