Una mawazo matatu na mtaji mmoja: uanze na lipi?

Kazi yangu ni kuwashauri watu wanaoanzisha biashara ndogo za huduma, wengi wa hapa Arusha na baadhi wa Moshi. Karibu kila anayekuja ana mawazo mengi kuliko mtaji. Chukua mfano wa kijana wa Sakina mwenye akiba ya shilingi 800,000. Anajua kunyoa. Shangazi yake amemwambia kufua nguo kunalipa. Rafiki yake anauza mashine ya kusafishia masofa kwa bei ya kutupa. Akikaa tu, swali lake ni lile lile ninaloulizwa kila mara: "Dada, ipi ina faida zaidi?"

Swali hilo namwomba aliweke pembeni kwanza, maana linamfanya aitazame kazi moja moja na kumsahau mteja. Mimi huanza na hili: mteja yule yule atakuhitaji tena baada ya siku ngapi, na hela yake utaishika lini?

Tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka za mtaa wako. Tuseme kusafisha seti ya sofa ni 50,000. Ukiipata hiyo kwa mchana mmoja unajiona umefika. Lakini familia ya kawaida inasafisha sofa mara moja kwa mwaka, mara nyingi sikukuu zikikaribia au wageni wa send-off wakitarajiwa. Ukitaka kazi nne kwa wiki, unahitaji nyumba kama 200 kwa mwaka, na kila moja lazima uitafute, uibembeleze, uifikie. Sasa mwangalie kinyozi. Kichwa kimoja 3,000, mwenye kichwa anarudi kila baada ya wiki mbili, hiyo ni mara 26 kwa mwaka, yaani 78,000. Mtu huyo ulimtafuta mara moja tu. Halafu mchukue mfanyakazi anayeishi peke yake, anakupa nguo za wiki kwa 10,000. Kwa mwaka amekupa 520,000, sawa na nyumba kumi na zaidi za masofa.

Watu wengi hesabu hii inawashtua, na ni vizuri iwashtue wakati hela bado iko mfukoni.

Kwa hesabu hiyo kunyoa na kufua vinaitangulia sofa. Hapo linakuja swali la pili: ni kiasi gani cha mtaji kitazama kabla mteja wa kwanza hajalipa? Kinyozi anahitaji fremu. Wenye fremu mjini wanataka kodi ya miezi sita, wengine ya mwaka, na ukimkuta mpangaji anayetoka anaweza kukudai kilemba, yaani hela ya kukuachia nafasi. Ongeza kiti, vioo, mashine za kunyolea, kuvuta umeme, Luku. Zile 800,000 zinaishia ukutani, na siku ya kufungua huna hata ya kuvumilia wiki mbili za wateja wachache. Kufua unaweza kuanza bila fremu kabisa: unachukua nguo kwa mteja, unafulia nyumbani, unarudisha zimepigwa pasi. Kinachozama ni mabeseni, kamba, pasi, sabuni na bili ya maji. Kuna pia vinyozi wanaokodi kiti ndani ya saluni ya mtu na kugawana mapato ya siku. Kama unajua kunyoa na umepata kiti cha namna hiyo, kunyoa kunarudi juu kwenye orodha yangu mara moja.

Ila kufua nguo Arusha kuna adui anayesahaulika: baridi. Juni na Julai mji unaamka na mawingu, jua linachungulia saa sita au lisichungulie kabisa, na jinzi iliyoanikwa asubuhi inaingizwa ndani jioni bado ina unyevu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hali ni hiyo hiyo kwa sababu ya mvua. Nguo iliyokauka vibaya inanuka, na mteja hatakuambia, atahama tu. Kwa hiyo kabla hujapokea nguo za watu kumi, jiulize utazikausha wapi wiki ambayo jua halipo. Kibaraza kilichoezekwa na chenye upepo ni mali kuliko tangazo lolote. Sofa ndiyo inateseka zaidi, kwa sababu maji yanaingia ndani ya sponji. Kama mashine yako haina nguvu ya kunyonya maji, ukisafisha sofa wakati wa masika unamwachia mwenye nyumba harufu ya wiki nzima. Ile mashine ya bei ya kutupa ijaribu kwenye zulia lililolowa, kisha bonyeza zulia kwa kiganja. Kiganja kikitoka na maji, iache.

Jambo jingine kuhusu kufua, ambalo wengi hawalifikirii. Unayeshindana naye hasa ni dada wa kazi. Familia yenye dada wa kazi haitakulipa ufue mashati ya watoto. Itakulipa ufue mablanketi, mapazia na maduveti, vitu vizito vinavyomshinda kwa mkono, na vitu hivyo havifuliwi kila wiki. Wateja wa kila wiki ni wanaoishi peke yao: vijana wa ofisini, walimu, manesi wa zamu, wanafunzi wa vyuo. Kwa Moshi napenda sana eneo linalozunguka hospitali ya KCMC. Ni hospitali ya rufaa ya kanda, iko pale tangu 1971, na mwaka mzima ina wafanyakazi, wanafunzi wa udaktari na uuguzi, na ndugu wa wagonjwa waliotoka mbali wanaokaa siku nyingi bila pa kufulia wala pa kupikia. Ugonjwa haufuati msimu wa watalii. Ukilinganisha na mitaa inayotegemea vyuo peke yake, hapo likizo haikuachi bila mteja.

Nikitaja watalii niseme jambo linalowaumiza wengi huku kwetu: nani analipa, na analipa lini. Kazi ya kampuni za utalii inavutia sana. Kwa mfano, kampuni zinazopandisha wageni Kilimanjaro zina mifuko ya kulalia, mahema na makoti ya baridi yanayorudi yamejaa vumbi na jasho, na kuyafua ni huduma halisi yenye uhitaji. Ni ufundi pia: mfuko wa manyoya ya bata hautaki sabuni kali, na usipokaushwa taratibu huku ukichambuliwa, manyoya yanajikusanya mabonge na haupashi joto tena. Anayeijua kazi hiyo anaheshimiwa. Lakini kampuni nyingi hulipa kwa ankara, mwisho wa mwezi au baadaye, na Aprili na Mei zenyewe huwa na wageni wachache mno.

Linganisha hilo na deni ulilonalo. Kama mtaji umetoka VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, na marejesho ni ya kila wiki, huwezi kuanza na huduma inayolipwa kila mwezi. Wiki ya pili utakosa rejesho. Wiki ya tatu utakwenda kwenye mikopo ya kausha damu, ile inayodai kila siku, na kuanzia hapo unafanya kazi ya kumlipa mkopeshaji. Nimeona biashara zenye wateja wa kutosha zikifa namna hii, na inaniuma kwa sababu zilikuwa na uhai. Ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotengewa asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni nafuu zaidi, lakini inapitia vikundi na inachukua muda wake. Kama umo kwenye kikundi, omba. Usichague biashara kwa kukisia kikundi kitaafiki nini.

Kuhusu msimu, tahadhari yangu kubwa ni Desemba, hasa Moshi. Wachaga wanarudi nyumbani, Marangu na Machame zinajaa, magari yanataka kuoshwa, vichwa vinataka kusukwa, ubarikio na harusi zinataka wapishi, mahema na mapambo. Yeyote anayetoa huduma anapata. Anayeanza wakati huo anaamini amepata biashara, anachukua fremu ya mwaka, kisha Januari inafika na ada za shule na kila mtu amefunga pochi. Anayeanza Aprili hupatwa na kinyume chake: anaacha wazo zuri kwa sababu ya mvua. Jaribio lako lifanye mwezi wa kawaida, kama Septemba au nusu ya pili ya Februari. Siku hizi naletewa pia mipango ya AFCON 2027, kwa kuwa Tanzania imepewa kuiandaa pamoja na Kenya na Uganda na Arusha inajengewa uwanja. Mashindano ni ya wiki chache. Yakikukuta una wateja, yatakuongezea. Kuyafanya msingi wa biashara ya kwanza siungi mkono.

Kujaribu hakuhitaji fedha nyingi, kunahitaji maswali mazuri. Ukimuuliza jirani, "Nikianza kufua utaniletea nguo?" atasema ndiyo, kwa sababu sisi hatupendi kumvunja mtu moyo. Muulize: mara ya mwisho ulifuliwa na nani, lini, ulimlipa kiasi gani, na nini hukukipenda? Asipokumbuka mara ya mwisho, huyo si mteja wa huduma hiyo, hata kama anakupenda sana. Akikumbuka, mwambie: "Jumamosi nitapita kuchukua, utanilipa nikirudisha." Wakitoka watu watano wanaolipa hela taslimu, na watatu kati yao wakakupigia wenyewe wiki inayofuata, una kitu. Fanya hivyo kwa mawazo yote matatu, wiki mbili kila moja, kabla hujanunua chochote kisichouzika tena.

Uwakala wa miamala na bodaboda nimeviacha makusudi. Cha kwanza kinataka floti, yaani hela ya kuzungushia miamala, ilale kwenye simu na droo ili upate kamisheni ndogo ndogo. Cha pili ni mkataba wa chombo, na hesabu yake ni ya pikipiki, mafuta na hela ya kumpelekea mwenye chombo. Havifanani na huduma unayoijenga kwa mkono wako.

Makaratasi yasikutishe. TIN inatolewa bure na TRA, na leseni ya biashara utaiulizia halmashauri. Kama huduma yako inagusa chakula, anza na vipimo vya afya.

Wazo la pili usilitupe. Mteja aliyekuamini na mashati yake ni rahisi kumuuzia usafi wa mapazia, kisha zulia, kisha sofa, na humtafuti upya. Kipimo changu ni wateja wa kufua kama kumi na watano waliolipa miezi mitatu mfululizo, mmoja kati ya hiyo ukiwa mwezi mgumu kama Januari au Mei. Mashine ya sofa inunuliwe hapo, kwa hela ya wateja wenyewe, na inunuliwe Septemba, ili Oktoba na Novemba ujifunzie kwenye masofa ya ndugu na Desemba upokee ya watu.