Taekwondo ya miaka elfu mbili na jenerali aliyezaliwa 1918

Nimeliona tena, safari hii kwenye bango la mashindano: "sanaa ya Kikorea yenye umri wa miaka 2000", na chini yake picha ya Jenerali Choi Hong Hi, "mwanzilishi". Jamani, mzee alizaliwa Novemba 1918. Chagueni moja.

Tena zote mbili zina kasoro. Choi alizaliwa Myongchon, ambako leo ni Korea Kaskazini, Korea nzima ikiwa chini ya Wajapani. Alikwenda kusoma Japani na huko akajifunza karate. Mwenyewe alisimulia kwamba kabla ya hapo mwalimu wake wa kuandika kwa brashi, Han Il Dong, alimfundisha taekkyon, mchezo wa kale wa mateke. Kisa hicho wakufunzi hukariri kama sala. Mimi hakijanikaa. Shahidi ni Choi peke yake, na ukizikagua tul zake za mwanzo (mifululizo ya miondoko iliyopangwa), hatua kwa hatua, unakutana na Shotokan, mtindo wa karate ya Kijapani.

Na hakuwa peke yake. Lee Won Kuk wa Chung Do Kwan na Ro Byung Jick wa Song Moo Kwan walifundishwa na Funakoshi, mwalimu wa karate ya Shotokan, mjini Tokyo, wakafungua shule zao miaka ya 1940. Hwang Kee naye alikuwa na Moo Duk Kwan yake. Alichokuwa nacho Choi ni cheo. Akiwa afisa wa jeshi jipya la Korea Kusini alianzisha Oh Do Kwan pamoja na Nam Tae Hi, kijana wa Chung Do Kwan, na askari hachagui mazoezi. Nam alivunja vigae mbele ya Rais Syngman Rhee, Rais akasema hiyo ni taekkyon, na mwaka 1955 Choi akaja na jina linalokaribiana nalo: taekwondo. Wenzake hawakulipenda: 1961 chama cha shule hizo kikaitwa taesudo. Choi aliporudi kutoka Malaysia, alikokuwa balozi, akalirudisha jina lake 1965. ITF, Shirikisho la Kimataifa la Taekwondo, ikazaliwa Machi 1966.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. Ukimbana mtu wa "miaka elfu mbili" atakutajia Hwarang, vijana wapiganaji wa ufalme wa Silla. Walikuwepo, sibishi. Ila uzi wa kuwaunganisha na dollyo chagi, teke la kuzungusha, la leo sijauona. Na jibu analo mwenyewe miguuni! Tul ya Hwa-Rang ina miondoko 29. Kwa nini 29? Maelezo ya ITF yenyewe, yale tunayokariri kwenye mtihani wa mkanda, yanasema ni kwa ajili ya Divisheni ya 29 ya askari wa miguu, ambamo taekwondo ilikomaa. Jina ni la Silla, hesabu ni ya kambi ya miaka ya 1950. Mtu anaikariri, anafaulu, anavaa mkanda mpya, kisha anakwenda kuandika bango.

Mwaka 1972 Choi aligombana na utawala wa Park Chung Hee akahamia Kanada. Mwaka uliofuata Seoul ikaunda WTF, Shirikisho la Dunia la Taekwondo, chini ya Kim Un-yong, na hiyo ndiyo taekwondo ya Olimpiki. Mwaka 1980 Choi akaipeleka sanaa yake Pyongyang, na Kusini wengi wakamwita msaliti. Kwa maoni yangu ndipo hadithi ya ukale ilipopata soko zaidi: sanaa ikiwa ya mababu, haidai mwanzilishi, hasa mwanzilishi anayeaibisha.

Wafuasi wake nao wasijichekee. Tul ya Ko-Dang, jina la kalamu la mzalendo Cho Man-sik aliyewekwa kizuizini huko Kaskazini, iliondolewa miaka ya 1980 ikawekwa Juche, itikadi ya Kim Il Sung. Hayo ni siasa, hayakuhusu mateke hata kidogo.

  

Choi alifariki Pyongyang tarehe 15 Juni 2002 akazikwa huko. ITF ikapasuka vipande vitatu: kimoja cha mwanawe Choi Jung Hwa, kimoja cha Chang Ung wa Kaskazini, kimoja cha Tran Trieu Quan, na kila kimoja kinasema ndicho chenyewe. Kwa hiyo mzazi akiniuliza kama cheti cha ITF ni halali, nami namuuliza: ITF ipi?