Ziwa si ghala, kaka

Juzi mwaloni Kibirizi, Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, kaka mmoja mwenye vipe viwili (vyombo vya kuvulia dagaa usiku kwa taa) alinisimamisha mimi afisa uvuvi: "Afisa, mwaka huu ongezeni leseni. Uchumi usipokua unakufa." Maneno haya nimeyasikia mpaka nimechoka, tena kwa watu wenye digrii zao. Leo naandika.

Kwa hesabu za darasani, samaki huongezeka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa nusu hivi ya wingi ambao wangefikia wasingevuliwa. Wakishuka chini ya hapo, kila kipe kipya kinagawana na cha jirani, halafu wote mnapungukiwa. Tupite.

Linaloniudhi ni neno "kukua". Mwaka 1934 Simon Kuznets, aliyeandaa hesabu za pato la taifa kwa Bunge la Marekani, alionya katika taarifa hiyohiyo kwamba ustawi wa taifa haupimwi kwa namba ile. Kipimo tukakibeba, onyo tukaliacha hukohuko. Dagaa anaingia kwenye pato siku anapopakuliwa. Aliyebaki majini akizaa hana mstari kwenye hesabu hizo. Vua mpaka mbegu, na vitabu vya mwaka huo vitapendeza kweli.

Sasa njoo Katonga, mwalo mwingine. Dagaa wameanikwa mchangani, inapita mvua ya ghafla, wanageuka njano na kuanza kunuka. Mama aliyewanunua kwa bei ya alfajiri anaishia kumuuzia mtu wa chakula cha kuku. Ndoo ileile ikipanda kwenye chanja inakauka safi, haina mchanga, na bei yake ni ya kusafirisha hadi Dar es Salaam. Hajavuliwa dagaa hata mmoja wa ziada! Hiyo nayo ni kukua, na hiyo siikatai hata kidogo.

Ziwa lilipofungwa lisivuliwe, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wimbo ulikuwa "uchumi umelala". Mbona kila mbalamwezi, taa zisipovuta dagaa, vipe vinalala, watu wanashona nyavu, na hakuna anayelia? (Najua, siku chache si miezi mitatu. Ugali mkavu ni ugali mkavu.)

Shaka ninazo. Dagaa maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja hivi, kwa hiyo faida ya kufunga inaweza kuyeyuka msimu mmoja tu tukirudi na nyavu zilezile. Tena maji ya juu yanazidi kupata joto, na yakiwa hivyo kusi haikorogi vizuri rutuba ya kule chini. Hata tusipoongeza kipe, ziwa linaweza kutupunguzia. Na watu je? Sensa ya 2012 ilihesabu 2,127,930 mkoani Kigoma. Ya 2022, 2,470,967. Anayeniambia mkoa huu usikue, namwona ameshiba.

Yule kaka alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na riba ya mkopo wa injini, nayo tuiambie ipumzike?"

Nilimwambia nitamjibu kesho. Tangu siku ile napitia njia ya juu.