Asilimia 103 ya watoto wamechanjwa? Ngoja kwanza

Wilaya ikiripoti kuwa kampeni imefikia asilimia 103 ya watoto, usipige makofi. Hesabu hiyo ni dozi zilizotolewa kugawanya kwa watoto waliokadiriwa, na makadirio ndiyo yenye ugonjwa. Hapa Uganda, hadi sensa ya 2024, tuliyategemea yale ya sensa ya 2014, ilhali wilaya zimegawanywa, wakimbizi wamejaa makazi ya Bidibidi, na wafugaji wa Karamoja huhama na mifugo. Mtoto wa wilaya jirani akichanjwa kwako anapandisha namba yako. Pengo linabaki kwao.

Kwa hiyo lazima kubisha hodi nyumbani na kuwakagua watoto wenyewe. Katika kampeni za polio tunachukua watoto 60 kwa eneo: sehemu 6, kila moja watoto 10, tukitazama wino anaopakwa mtoto aliyechanjwa kwenye kidole kidogo. Wasio na alama wakizidi 3, eneo halikubaliwi kuwa limefikia asilimia 90. Jibu ni kufaulu au kuanguka tu. Usiligeuze kuwa asilimia ya wilaya. Na msichelewe, wino hufutika.

Nyumba zenyewe nazo zina mtego. Zamani watu walizungusha kalamu katikati ya kijiji na kufuata ilikoelekea, basi nyumba za karibu na kituo cha chanjo zikapendelewa. Orodha ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) inasaidia, ila mara nyingi huwasahau wapangaji wa mizigo, yaani vyumba vidogo vya kupanga vilivyojengwa kwa safu. Orodhesha kaya zote za eneo, kisha chagua kwa bahati nasibu.

Swali kubwa zaidi ni nani aliyefikiwa. Chukua watoto 1,000, kati yao 150 hawajawahi kupata chanjo ya surua. Kampeni ikichanja 900, inaonekana safi. Lakini kama 850 kati ya hao walishachanjwa zamani, wapya ni 50 tu, na 100 wasio na kinga yoyote wamebaki pale pale, pengine mtaa mmoja. Kampeni ya surua na rubela ya Oktoba 2019, kwa watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15, ilitegemea sana shule. Asiyesoma alihitaji kutafutwa.

Kwenye dodoso, tenganisha dozi ya kampeni na za awali. Omba kadi kwanza. Kama haipo, muulize mama: ilikuwa sindano ya mkononi au matone ya mdomoni? Wengi huchanganya surua na polio, hasa zinapotolewa siku moja.