Je, wajua kwa nini mkono mmoja uliweza kutisha na kuchekesha kwa wino uleule?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Jack Davis, mchoraji wa katuni wa Marekani, alikuwa wachoraji wawili kwa zamu. Kwanza alikuwa mtu wa maiti na makaburi. Kisha, katuni za kutisha zilipopigwa marufuku Marekani mwaka 1954, akajifunza kuchekesha ili mkono uendelee kwenda kinywani. Nilikuwa nimeona maiti zake zikitambaa kutoka ardhini, na nilikuwa nimeona bango lake la filamu ya vichekesho la mwaka 1963, umati mzima ukikimbizana juu ya karatasi moja. Nikaunganisha mambo mwenyewe: mlango mmoja ulifungwa, akaingia kwa mwingine.

Tarehe zinakataa. Davis, aliyezaliwa Atlanta, Georgia, mwaka 1924, alijiunga na EC, kampuni ya William Gaines ya kuchapisha katuni huko New York, mwanzoni mwa miaka ya 1950, akawa anachora majarida ya kutisha Tales from the Crypt na The Haunt of Fear. Toleo la kwanza la Mad, jarida la katuni za vichekesho, chini ya mhariri Harvey Kurtzman, lilitoka mwaka 1952 kwa mchapishaji huyohuyo, na Davis yumo. Wakati huo majarida ya kutisha yalikuwa bado yanauzwa, na Tales from the Crypt iliendelea hadi mwaka 1955. Kwa hiyo zaidi ya miaka miwili mtu yuleyule alikaa kwenye meza ileile akichora leo maiti, kesho kichekesho.

Hata ile "marufuku" nilikuwa nimeielewa vibaya. Kamati ya Baraza la Seneti iliwahoji wachapishaji mwaka 1954, lakini haikutunga sheria ya nchi nzima ya kuzifuta katuni hizo. Wachapishaji wenyewe walijiwekea kanuni kali, na majarida ya kutisha yakashindwa kupita humo. Kichekesho hakikuzaliwa na hofu ya kukosa kazi, kwa sababu kilikuwepo tangu kabla.

Tena hadithi ya Davis katika toleo lile la kwanza la Mad, "Hoohah!", ilikuwa ni mzaha juu ya hadithi za kutisha: wapenzi wawili, gari bovu, jumba kongwe. Vivuli ni vilevile vya makaburini. Basi ikiwa wino haukubadilika, ni nini kinachotufanya tuogope ukurasa mmoja na kucheka mwingine?

Tuanze na mwanga. Jua liko juu yetu, na taa nyingi tumezitundika juu. Uso tunaouona kila siku una kivuli chini ya nyusi, chini ya pua na chini ya kidevu. Tumeuzoea kiasi kwamba hatujui tumeuzoea. Sasa weka taa chini ya kidevu. Matundu ya pua yanawaka, kivuli cha pua kinapanda juu, kope za chini zinang'aa na paji la uso linazama gizani. Pua ni ileile, mdomo ni uleule, ila sehemu zilizotakiwa kuwa na giza zina nuru, na zile za nuru zina giza.

Ili kuona jinsi ubongo unavyoshika jambo hili, chukua picha ya nyayo mchangani, uigeuze juu chini. Mara nyingi shimo la mguu litaonekana limevimba kama mkate. Picha ya mashimo ya mwezi hufanya vivyo hivyo: igeuze, na mabonde yanakuwa vilima. Hakuna kilichobadilika kwenye karatasi. Ni jicho limeshika msimamo wake kwamba nuru hutoka juu, likabadilisha umbo ili msimamo ubaki. Mwaka 1988 mtafiti V. S. Ramachandran alionyesha jambo hili kwa miduara tu iliyotiwa kivuli. Miduara si nyuso, kwa hiyo nisivute mbali sana: uso tunaujua mno, hauwezi kugeuka shimo kirahisi. Lakini uso ulioangazwa kutoka chini unalilazimisha jicho kusoma mara mbili, na Davis aliijua nafasi hiyo. Brashi yake inaanza nyembamba kwenye shavu, inanenepa ikipanda, inaishia katika weusi mzito juu ya jicho. Rangi za Marie Severin, mtia rangi wa EC, zilisaidia kwenye majarida, ila hadithi hizo zilichapwa tena baadaye kwa nyeusi na nyeupe tupu, na hofu iko palepale.

Kicheko nakiona mwilini. Watu wa Davis wana miguu mikubwa kama mitumbwi, mapaja membamba, suruali zenye mikunjo isiyohesabika, na matone ya jasho yanayoruka hewani kama yamefukuzwa. Mwili wa namna hiyo hauwezi kusimama kwa heshima hata ukiwa na taa ya kaburini chini ya kidevu. Mwanga unaahidi jambo zito, miguu inalivunja.

Ndiyo maana namrudia Mlinzi wa Kaburi, msimulizi wa Tales from the Crypt. Al Feldstein ndiye aliyemchora mwanzo, lakini Davis ndiye aliyempa sura ya mzee mwenye chunjua na nywele ndefu zilizoanguka usoni, anayetania wasomaji kabla ya kuwasimulia mauaji. Mtazame kwa karibu, kisha funika macho yake kwa kidole. Anabaki babu mcheshi, anaomba tu umsikilize. Ondoa kidole hicho, ufunike mdomo unaocheka. Utatamani kuurudisha upesi.