Uzito wa Kawaida Si Kinga: Maswali na Majibu Kuhusu Madhara ya Ugonjwa wa Ulaji Mwilini

Ugonjwa wa ulaji ni nini?

Ni ugonjwa wa akili unaovuruga namna mtu anavyokula na anavyoutazama mwili wake, hadi mwili wenyewe ukaanza kuharibika. Mwenye anoreksia hujinyima chakula kwa hofu kubwa ya kunenepa. Mwenye bulimia hula chakula kingi mno kwa muda mfupi huku akishindwa kujizuia, kisha hutafuta kukiondoa kwa kujitapisha, kumeza haluli (dawa za kuharisha), kushinda na njaa au kufanya mazoezi ya kujiadhibu. Wapo pia wanaojitapisha bila kuwa wamekula kupita kiasi, na wapo wanaohama kutoka aina moja hadi nyingine. Majina hayo yatoshe, kwa kuwa kinachomdhuru mgonjwa ni yale anayoyafanya kila siku.

Uzito wangu unalingana na urefu wangu. Je, bado ninaweza kuwa mgonjwa wa kuhitaji tiba?

Ndiyo. Wagonjwa wengi wa bulimia wana uzito wa kawaida au zaidi ya kawaida, na hilo ndilo linalowachelewesha. Mtu hujipima, huona namba isiyotisha, akajiambia kwamba angekuwa mgonjwa kweli angekuwa amekonda. Ndugu zake nao humtazama na kufikiri vivyo hivyo, na nasikitika kusema kwamba hata baadhi yetu wahudumu wa afya humtazama hivyo. Mzani unapima uzito na si kitu kingine: hauonyeshi kiwango cha potasiamu (madini yanayohitajika na misuli na moyo) katika damu, haupimi mapigo ya moyo wala hauoni umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) uliochanika. Mtu mwenye uzito wa kawaida anaweza kufa kwa ugonjwa huu, na anaweza kufa ghafla.

Kujitapisha kunadhuru nini hasa?

Kunadhuru sehemu nyingi, lakini la kutangulia ni moyo. Anayetapika hupoteza maji, asidi ya tumboni na madini. Mwili unapopungukiwa maji, figo hujitahidi kubakiza chumvi na maji, na katika jitihada hiyo humwaga potasiamu katika mkojo. Kwa hiyo potasiamu huendelea kupotea hata baada ya mtu kunawa uso na kurudi mezani. Kiwango cha kawaida katika damu ni kati ya 3.5 na 5.0 mmol kwa lita. Kikishuka, misuli hulegea, choo hufunga, na umeme unaouongoza moyo huvurugika. Kikifika chini ya 2.5, hiyo ni hatari kubwa, kwa sababu moyo unaweza kupiga ovyo na kisha kusimama. Kinachosumbua zaidi ni kwamba mtu anaweza kulifikia shimo hilo akiwa bado anakwenda kazini, anacheka na wenzake na kujisikia mchovu tu.

Yapo pia yanayoonekana kwa macho, ikiwa mtazamaji anajua pa kutazama. Tezi za mate zilizo mbele na chini ya masikio huvimba, uso ukaonekana mpana, na mgonjwa akidhani amenenepa hujitapisha zaidi. Meno ya mbele ya juu huliwa na asidi kwa upande wa ndani, ule unaotazama ulimi, ndiyo maana mara nyingine daktari wa meno huwa wa kwanza kuutambua ugonjwa. Wengine huota sugu au makovu juu ya vifundo vya vidole, mahali ngozi inapokwaruzwa na meno. Daktari wa akili Gerald Russell aliyataja makovu hayo alipoueleza ugonjwa wa bulimia katika maandishi ya kitabibu mwaka 1979, na hadi leo alama hiyo huitwa kwa jina lake. Ikumbukwe kwamba mikono isiyo na alama haithibitishi lolote.

Umio nao huungua kwa asidi na unaweza kuchanika. Anayetapika damu, hata kama ni michirizi tu, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na akipata maumivu makali ya kifua baada ya kutapika, asingoje hata saa moja.

Nikishatapika ninapiga mswaki papo hapo. Je, meno yangu yatakuwa salama?

Yataharibika upesi zaidi. Asidi hulainisha tabaka gumu la nje la jino, na mswaki hulisugua likiwa bado laini. Sukutua kwa maji na uache mswaki kwa muda usiopungua nusu saa. Ninalisema hili kupunguza madhara kwa anayesubiri tiba, na lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kuendelea.

Kwa kuwa sijitapishi bali ninatumia haluli, si afadhali?

Sio. Hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu watu wanajiharibu kwa kitu kisichowapa hata kile wanachokitafuta. Chakula hufyonzwa katika utumbo mwembamba, ilhali haluli nyingi zinazotumiwa vibaya hufanya kazi katika utumbo mpana, baada ya sehemu kubwa ya nguvu ya chakula kwisha kuingia mwilini. Kinachotoka ni maji na madini. Mzani hushuka asubuhi kwa sababu ya maji yaliyopotea, na hupanda tena mara mtu anapokunywa. Dawa za kuongeza mkojo hazina tofauti: zinaondoa maji, zinachukua potasiamu, na mafuta ya mwili yanabaki palepale.

Anayezitumia kwa muda mrefu huzoea, akaongeza dozi, na choo kikagoma bila dawa. Akiacha ghafla, mwili uliokuwa ukipigana na ukame hushikilia maji kwa siku kadhaa hata wiki kadhaa, miguu na uso vikavimba. Wengi hutishwa na uvimbe huo na kurudia dawa. Uvimbe huo ni maji na huisha, lakini usimamiwe na mhudumu wa afya, hasa kwa aliyekuwa akitumia dozi kubwa.

Nilikuwa na mwili mkubwa, nimepungua sana, na kila mtu ananipongeza. Kuna ubaya gani?

Ubaya unategemea namna ulivyopungua. Mtu aliyeanza na uzito mkubwa, akajinyima chakula hadi akapoteza sehemu kubwa ya uzito kwa haraka, anaweza kuwa na mwili unaofanya kazi kama wa mtu anayekufa njaa, ingawa nguo zake ni za saizi ya kawaida. Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani uliotolewa mwaka 2013 unalitambua hilo kuwa aina ya ugonjwa wa ulaji: dalili zote za anoreksia, isipokuwa wembamba.

Mwili unaonyimwa chakula hubana matumizi. Mapigo ya moyo hupungua; yakiwa chini ya 50 kwa dakika mchana, mtu akiwa macho, kwa kijana anayejinyima chakula, tunafikiria kumlaza. Usijidanganye kwamba huo ni moyo wa mwanamichezo. Shinikizo la damu hushuka, vidole huwa baridi na chakula hukaa tumboni kwa muda mrefu. Ukimpima mgonjwa amelala, kisha ukampima tena amesimama, namba ya juu ya shinikizo la damu inaweza kushuka kwa 20 au zaidi, naye akashika ukingo wa kitanda kwa kizunguzungu. Kasi na kiasi cha kilo zilizopotea vinatueleza mengi kuhusu hatari kuliko uzito alio nao leo. Pongezi, basi, ziwekewe akiba mpaka ijulikane anakula nini.

Hedhi yangu imekoma, nami naona ni nafuu. Je, nihangaike?

Ndiyo. Hedhi iliyokoma ina maana kwamba ubongo umezima homoni kwa kukosa chakula cha kutosha, na estrojeni, homoni ya kike inayolinda mifupa, ikipungua, mifupa huanza kudhoofika, tena katika umri ambao ingepaswa kuimarika. Mifupa iliyopotea wakati wa ujana haihakikishiwi kurudi yote. Jambo jingine: hedhi kukoma hakumaanishi kwamba mimba haiwezekani, na hedhi kuendelea hakumaanishi kwamba mwili ni mzima. Kwa wanaume homoni hushuka pia na mifupa huathirika, ila wao hawana dalili ya wazi ya kuwashtua, na wengi hawaulizwi kabisa.

Vipimo vyangu vya damu vilikuwa vizuri. Je, si ushahidi kwamba niko salama?

Ni ushahidi wa hali ya damu saa ile ilipochukuliwa. Karibu asilimia 98 ya potasiamu ya mwili imo ndani ya seli, na kipimo cha damu kinaona kile kidogo kilicho nje. Majibu yanaweza kuwa mazuri Jumatatu na mabaya Alhamisi, baada ya siku mbili za kutapika. Vipimo hurudiwa, na huambatana na kipimo cha umeme wa moyo.

Nina kisukari, na ninaruka insulini ili nipungue. Je, ni hatari kiasi gani?

Ni hatari ya kufa ndani ya siku chache. Bila insulini, damu hujaa sukari na asidi. Dalili zake ni kiu kali, kukojoa sana, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhema kwa nguvu. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja, na wahudumu waambiwe ukweli kuhusu dozi zilizorukwa.

Je, si afadhali nisubiri nione kama nitakonda, ndipo niende kutibiwa?

Hapana. Usisubiri kukonda. Huenda usikonde kamwe, na moyo ukaharibikiwa ukiwa na uzito huo huo ulio nao sasa. Kadiri ugonjwa unavyoachwa ndivyo unavyozidi kuota mizizi, na nimechoka kuwasikia wagonjwa wakisema walidhani hawajafikia kiwango cha kustahili msaada. Hakuna kiwango hicho. Unayejitapisha leo, nenda ukapimwe wiki hii.

Ni dalili zipi zinazohitaji hospitali leo leo?

Kuzimia, mapigo ya moyo yanayoruka au kwenda mbio bila sababu, maumivu ya kifua, kutapika damu, misuli kukosa nguvu au kukaza, ganzi, kuchanganyikiwa, degedege, au kushindwa kubakiza hata maji tumboni. Mwenye mawazo ya kujiua naye ni mgonjwa wa dharura.

Ninaona aibu. Nikifika kliniki niseme nini?

Sema jambo lenyewe kwa ufupi: “Ninajitapisha mara kadhaa kwa wiki,” au “Nimekuwa nikijinyima chakula na nimepungua haraka, naomba nipimwe madini ya damu, shinikizo nikiwa nimelala na nimesimama, na moyo.” Taja dawa zote unazotumia, zikiwemo haluli na za kuongeza mkojo. Ukijibiwa kwamba uzito wako ni mzuri na huna tatizo, rudia ulichosema, na ikibidi utafute mhudumu mwingine.

Usijaribu pia kujitibu kwa kuanza kula sana ghafla baada ya majuma ya njaa. Chakula kinaporudi kwa kasi, fosfati (madini mengine ambayo mwili huyahitaji) katika damu inaweza kuporomoka, moyo na mapafu vikashindwa kazi, na hilo huwapata hata wasio wembamba. Walio katika hatari hiyo huongezewa chakula kwa mpango huku damu ikipimwa mara kwa mara, hasa katika siku za mwanzo, sambamba na tiba ya mazungumzo, ambayo ndiyo nguzo ya kutibu bulimia.