Piriton, kisha kulala: maswali kuhusu seli za masti, vipimo na ndege

Nafanya kazi chumba cha dharura, Kampala. Maswali haya nayasikia kitandani kwa mgonjwa, mara nyingi yakiwa yamechelewa.

Musawo (daktari), seli za masti ndizo zipi?

Ni seli za kinga zinazokaa kwenye ngozi, utumbo na njia ya hewa, zikiwa na vifuko vya kemikali kama histamini. Mwenye mastositosisi anazo nyingi kupita kiasi. Wengine wanazo za kutosha tu, ila zinalipuka ovyo. Zikilipuka, mwili unawasha, midomo inavimba, tumbo linakata, mtu anaharisha, presha inaanguka, anazirai. Ugonjwa huu ni wa nadra, kwa hiyo si kila mwenye vipele ajipe jina hilo.

Lakini ngozi yangu haikuwa nyekundu.

Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa. Gusa: kuna joto? Kuna uvimbe? Viganja vinawasha? Tazama midomo na kope. Na madoa ya kahawia yanayovimba ukiyasugua, mwonyeshe daktari wa ngozi.

Nikimeza Piriton, ile dawa ya mzio, nikalala, si inatosha?

Kama ni ngozi pekee inayowasha, Piriton ina kazi yake. Kifua kikibana, sauti ikikauka, ukitapika mfululizo au macho yakiingia kiza, haitoshi. Narudia: haitoshi. Piriton haipandishi presha wala haifungui koo. Haidrokotisoni pia haiwahi. Dawa ni adrenalini, sindano ya msuli, upande wa nje wa katikati ya paja. Mtu mzima kwa kawaida huchomwa nusu miligramu, na dozi inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15 asipopata nafuu.

Kuna kijana aliyeng'atwa na nyuki, akapewa Piriton mbili na kikombe cha maziwa, akaambiwa apumzike. Tumbo likamkata, akainuka kwenda chooni. Alidondoka mlangoni, kandambili moja bado mguuni. Presha ikiwa chini, kusimama ghafla kunaweza kuua. Mlaze chali, miguu juu. Anayehema kwa shida akae, miguu imenyooshwa. Anayetapika alale ubavu. Halafu mnaniletea mgonjwa amekaa wima kwenye bodaboda, mshikaki, katikati ya shemeji wawili! Pitieni kwanza kliniki ya karibu yenye adrenalini, achomwe, ndipo mtafute gari la kumlaza.

Maziwa je?

Hapana.

Mbona nikipimwa naambiwa niko sawa?

Kwa sababu unakuja kesho kutwa. Kipimo chenyewe ni cha damu, kinaitwa triptasi, yaani kemikali inayomwagika seli hizi zikilipuka. Damu ya kwanza itolewe ndani ya muda wa saa 4 tangu dalili zianze, bora zaidi kati ya dakika 30 na saa 2. Ya pili itolewe saa 24 au zaidi baada ya dalili zote kuisha, ili tujue kawaida yako. Ukilala na Piriton yako hadi asubuhi, umehatarisha maisha na ushahidi umepotea. Ila damu isicheleweshe sindano: adrenalini kwanza.

Tena usikubali neno "nomo" (yaani kipimo ni cha kawaida) kirahisi. Tunachukua kawaida yako (kwa nanogramu kwa mililita), tunaongeza asilimia 20, kisha tunajumlisha 2. Kama kawaida yako ni 5, basi 8 wakati wa shambulio ni ishara tosha kwamba seli zimelipuka, hata kama karatasi ya maabara inasema 8 ni sawa. Na ikiwa kawaida yako, ukiwa mzima kabisa, inazidi 20, daktari atafikiria kupima jeni ya KIT, inayoongoza ukuaji wa seli hizi, na uboho wa mfupa. Si kila maabara hupima triptasi. Ulizia mapema, kabla hujaugua.

Nikienda kupigwa picha au kupasuliwa?

Sema kabla hujapanda kitandani. Dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, mofini, kodini na baadhi ya dawa za usingizi zinaweza kuchokoza seli hizi. Kuna wanaozivumilia, kwa hiyo mwamuzi ni daktari. Ile sindano ya diklo mnayochomwa kiunoni kwa kila maumivu, hata ya mgongo wa shamba, ikataeni mpaka mtu aulize historia yenu. Na kama unameza propranololo au atenololo, dawa za presha na moyo, taja: hudhoofisha kazi ya adrenalini.

Naweza kupanda ndege?

Wengi wanaweza, ugonjwa ukiwa umetulizwa. Hewa ya ndani ya ndege ni kama ya mlimani, hadi mita 2,400 hivi. Kinachowachokoza zaidi ni joto, hofu, kukosa usingizi na pombe. Kwa hiyo toka Kampala mapema, usifike Entebbe ukikimbia na jasho, na waragi ibaki nyumbani.

Adrenalini niifungie kwenye sanduku kubwa?

Hapana! Huko kwenye mizigo hutaifikia, na baridi inaweza kuiharibu. Ibebe mkononi, dozi mbili, pamoja na barua ya daktari yenye majina ya dawa na sindano. Kalamu za kujichoma ni ghali na ngumu kupata kwetu. Kama unatumia ampuli na bomba, jifunze kuvuta dawa mbele ya nesi kabla ya safari. Waambie wahudumu ukiingia tu, usingoje kuanza kukohoa.

Nikichomwa hewani nikapata nafuu, niunganishe ndege nyingine?

Usiunganishe. Dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Ukitua omba daktari, na omba damu itolewe. Saa zilipoanza dalili ziandike kwa saa ya Entebbe, useme ni ya Entebbe, maana nchi ulikotua saa zao ni nyingine.